Kumi toa sita ni sita: uchambuzi wa kisa cha mtoto mmoja wa darasa la kwanza

Mwishoni mwa mwezi wa tano mama mmoja mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam, alinijia nyumbani akiwa na daftari la mwanawe mkononi, limekunjwa katikati kama gazeti. Baada ya shikamoo na marahaba hakutaka hata maji ya kunywa. Alilifungua daftari ukurasa wa mwisho, akanionyesha alama 11 kati ya 20 na maneno ya wino mwekundu yaliyoandikwa chini yake: "Mzito kuelewa. Arudishwe awali." Mtoto mwenyewe, msichana, alikuwa na miaka sita na miezi saba. "Mwalimu, nieleze ukweli hata kama unauma," mama aliniambia. "Mwanangu ana kichwa kizito?"

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kufundisha walimu wa madarasa ya awali na ya chini, na mama huyu alinifahamu kupitia jirani. Ninakiandika kisa hiki kwa ridhaa yake na ya bibi wa mtoto, bila kutaja jina la mtoto wala la shule, kwa sababu ninaamini kwamba watoto wengi wa jiji hili wanaandikiwa maneno kama hayo kwa makosa ambayo hakuna aliyeyasoma. Ninaposema kuyasoma, nina maana ya kukaa na majibu yaliyokosewa, moja baada ya jingine, mpaka ifahamike mtoto alikuwa anafikiri nini alipokuwa anayaandika.

Mtoto alianza darasa la kwanza Tanga mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu alihamia Mbagala kwa bibi yake mzaa mama, baada ya mama yake kupata kazi ya kushona katika kiwanda cha nguo. Barua ya uhamisho ilichelewa, akakaa nyumbani karibu wiki tatu, na alipoingia darasani aliwakuta wenzake zaidi ya mia moja katika chumba kimoja. Madarasa ya namna hiyo hayakuanza jana. Tangu Januari 2016, elimu ya msingi ilipoanza kutolewa bila ada wala michango, watoto waliokuwa wakibaki nyumbani walijitokeza kwa wingi, jambo la kheri, lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwalimu wa darasa lile ni kijana mwenye bidii na moyo wa kazi. Sitaki msomaji amhesabu kuwa mkosaji, kwa maana mtu anayesahihisha madaftari mia moja kabla jua halijazama hana nafasi ya kumuuliza kila mtoto amelifikiaje jibu lake.

Nilianza na daftari. Maswali yalikuwa ishirini, kumi ya kujumlisha na kumi ya kutoa. Katika kujumlisha mtoto alipata tisa, na lile moja alilokosa alipungukiwa kwa moja tu, jambo la kawaida kwa anayehesabu kwa vidole. Katika kutoa alipata mawili. Nilichukua karatasi nikayanakili majibu yake ya kutoa kama alivyoyaandika: 10 − 6 = 6; 8 − 3 = 3; 9 − 2 = 2; 7 − 5 = 5; 5 − 0 = 0; 7 − 7 = 7; na mengine ya aina hiyo hiyo. Mawili aliyowekewa vyema yalikuwa 6 − 3 = 3 na 8 − 4 = 4.

Vyema hivyo viwili ndivyo vilivyomponza. Mwalimu alipoona mawili sahihi katikati ya manane yaliyokosewa aliona mtoto anayebahatisha, na mimi pia kwa muda wa dakika kadhaa niliona hivyo. Kisha nikagundua kwamba katika maswali yote kumi, yakiwamo yale mawili, mtoto aliandika namba ya pili. Alikuwa na kanuni moja, akaifuata kutoka swali la kwanza hadi la mwisho bila kuyumba, na mara mbili kanuni yake iligongana na jibu la mwalimu kwa sababu nusu ya sita ni tatu na nusu ya nane ni nne.

Elimu ya kisasa kuhusu ukuaji wa fikra za watoto ilianzia mahali kama hapa. Karibu na mwaka 1920, Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1896 na ambaye alikuwa amesomea viumbe hai, alipewa kazi mjini Paris ya kuandaa vipimo vya akili kwa watoto wa shule. Alichotakiwa kufanya ni kuhesabu majibu sahihi. Lakini aliona kwamba watoto wa umri mmoja wanakosea kwa njia zinazofanana, na wakubwa wao wanakosea kwa njia nyingine, kana kwamba kila rika lina mantiki yake. Akaanza kuzungumza na watoto badala ya kuwahesabia alama, na kazi hiyo hakuiacha hadi alipofariki mwaka 1980. Kutoka katika mazungumzo hayo zilipatikana zile hatua nne ambazo kila mwalimu wa Tanzania amezikariri chuoni: mtoto hadi miaka miwili anafikiri kwa kugusa na kutenda, kati ya miaka miwili na saba anatumia maneno na picha lakini anatawaliwa na kinachoonekana, kati ya saba na kumi na moja anaweza kupanga mambo kimantiki ilimradi yahusu vitu halisi, na baada ya hapo anaweza kufikiri juu ya yale ambayo hayapo mbele ya macho yake.

Umri huo ni wa makadirio, na Piaget mwenyewe alijali zaidi mfuatano wa hatua kuliko tarehe za kuzifikia. Kwa bahati mbaya hatua hizo hufundishwa kama ngazi, na anayeonekana kuwa kwenye ngazi ya chini huambiwa asubiri. Baadaye niligundua kwamba ndicho kilichotokea hapa: mwalimu alikuwa amemfanyia mtoto jaribio la maji alilojifunza chuoni, mtoto akashindwa, na mwalimu akahitimisha kuwa hajafika hatua ya kujifunza hesabu. Nitalirudia jaribio hilo mbele kidogo, kwa sababu lina mambo mengi kuliko linavyoonekana.

Siku ya pili nilikwenda kwa bibi. Anauza juisi ya ukwaju kwenye kibaraza karibu na kituo cha daladala, ndoo kubwa yenye mfuniko, barafu ndani, na kata ya plastiki ya kupimia. Kata moja ni shilingi 300. Wanaokunywa pale pale hupewa glasi ndefu nyembamba au kikombe kifupi kipana, kutegemea kipi kimeoshwa. Mjukuu wake hukaa naye kuanzia anapotoka shule hadi karibu na magharibi, akisuuza vyombo na kurudisha chenji.

Nilikaa kwenye benchi karibu saa nzima bila kuuliza kitu. Kondakta mmoja alikunywa kata mbili, yeye na dereva wake, akatoa noti ya elfu moja. Bibi alikuwa anahangaika na barafu. Mtoto aliipokea noti, akaishika kwa mkono wa kushoto, akachovya mkono wa kulia kwenye kopo la sarafu, na huku midomo inacheza akaanza kuziweka kwenye kiganja cha kondakta moja moja: "Mia sita… mia saba, mia nane, mia tisa, buku." Sarafu nne za mia. Kondakta hakuzihesabu hata mara moja. Aliziingiza mfukoni akaruka kwenye gari.

Mdogo wake wa miaka minne alikuwepo pia, na alinipa picha ya mahali ambapo dada yake alikuwa miaka miwili iliyopita. Nilimpa achague kati ya sarafu moja ya 500 na sarafu tatu za 100 nilizozipanga kwenye benchi. Alizikumbatia zile tatu kwa mikono miwili. Dada yake alicheka mpaka akakaa chini. "Babu, huyu hajui," aliniambia, "hiyo moja ni jero!" Kwa yule mdogo wingi ni kile kinachoonekana na macho, na tatu ni nyingi kuliko moja, kwa dada yake sarafu ina thamani isiyoonekana, ambayo lazima aibebe kichwani. Mtoto anayecheka kosa hilo ameshavuka mto ambao mdogo wake bado yuko ng'ambo yake.

Wateja walipopungua nilimuuliza, "Mteja ana buku, kanywa za mia sita. Anabakiwa na ngapi?" Alijibu kabla sijamaliza: "Mia nne." Nikamuuliza, "Na kumi toa sita?" Akajibu kwa uhakika ule ule: "Sita." Nikamuuliza kwa nini ni sita. Alinitazama kwa mshangao kidogo, kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. "Babu, si umesema nitoe sita? Nimetoa sita."

Kisa kizima kimo katika jibu hilo. Katika Kiswahili cha darasani neno "toa" lina maana ya kupunguza na kuangalia kilichobaki. Katika Kiswahili cha kibaraza, na cha nyumbani, na cha kila mahali mtoto huyu alipoishi, "toa" ni kukitoa kitu kwenye kopo au mfukoni na kumpa mtu. Bibi anaposema "toa mia nne" kinachotakiwa ni mia nne mkononi; hakuna anayeuliza kopo limebaki na nini. Wenzake waliingia katika maana ya darasani kwa vizibo vya soda, wakiondoa vizibo mezani na kuhesabu vilivyobaki, mpaka maana mpya ikashikana na neno la zamani. Mwalimu alinionyesha baadaye andalio lake la masomo: wiki za vizibo zilikuwa zile zile tatu ambazo mtoto huyu alikuwa nyumbani akisubiri barua ya uhamisho. Alipoingia darasani vizibo vilishawekwa kabatini na ubaoni kulikuwa na namba tu. Alilisikia neno analolijua, akalifanyia kazi kwa maana anayoijua.

Msomaji anaweza kudhani kwamba chenji ya ukwaju ni mazoea tu na haina fikra ndani yake. Hilo limechunguzwa. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti walioufanya mjini Recife, Brazil, kwa watoto watano wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza nazi, matunda na bidhaa nyingine ndogo mitaani. Kwenye biashara, watafiti wakijifanya wateja, watoto walijibu sahihi kwa asilimia 98. Hesabu zile zile zilipowekwa katika maswali ya maneno walipata asilimia 74, na zilipoandikwa kwa tarakimu tupu walishuka hadi asilimia 37. Mmoja wao, wa miaka 12, alipoulizwa bei ya nazi kumi zenye thamani ya 35 kila moja hakuongeza sifuri kama wanavyofundishwa shuleni. Alianza na nazi tatu, 105, akaongeza tatu nyingine, 210, na kuendelea hivyo hadi 350. Njia yake ni ndefu, lakini kila hatua ina maana kwake, na ndiyo maana hapotei. Mtoto wetu naye anapanda kutoka mia sita hadi elfu moja kwa hatua nne na kuzihesabu hatua hizo. Hiyo ni kutoa kamili, iliyofanywa kwa kuongeza.

Sasa lile jaribio la maji. Piaget aliwaonyesha watoto glasi mbili zinazofanana zenye maji sawa, akawauliza kama ni sawa, kisha mbele ya macho yao akamimina moja katika glasi ndefu nyembamba na kuuliza tena. Watoto wengi wa chini ya miaka sita au saba husema ile ndefu ina maji mengi zaidi, kwa sababu yamepanda juu. Mwalimu wa mtoto wetu alifanya hivyo hivyo mbele ya meza yake wakati wa mapumziko, na mtoto alisema glasi ndefu ina zaidi.

Nilipomuuliza pale kibarazani, nani kapata ukwaju mwingi kati ya mteja wa glasi ndefu na mteja wa kikombe kipana, alisema, "Sawa, Bibi kawatilia kata moja moja." Mwaka 1969 kulichapishwa utafiti wa Mexico ulioonyesha kwamba watoto wa wafinyanzi, ambao mikono yao imezoea udongo, waliwatangulia wenzao katika kutambua kuwa udongo hauongezeki kwa kubadilishwa umbo, kwa hiyo jibu la mjukuu wa muuza juisi halikunishangaza. Lakini nilitaka kujua kwa nini basi alishindwa shuleni. Nyumbani kwangu, siku nyingine, nilifanya jaribio kama mwalimu alivyolifanya: nikauliza, nikamimina, nikauliza tena. Akasema ile ndefu ina zaidi. Baada ya kula na kucheza nilifanya tena, safari hii nikimimina kwanza na kuuliza mara moja tu mwishoni. Akasema ni sawa.

Tofauti hiyo inajulikana. Mwaka 1974 Susan Rose na Marion Blank waligundua kwamba watoto wanaoulizwa mara moja tu, baada ya kumimina, wanakosea kidogo kuliko wanaoulizwa mara mbili. Mwaka huo huo James McGarrigle na Margaret Donaldson, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, walipanga safu mbili za vitu na kumwachia mwanasesere mtundu, dubu mdogo, aivuruge safu moja kana kwamba ni kwa utukutu wake. Watoto wa miaka minne hadi sita waliokuwa wakikosea mtu mzima alipoisogeza safu hiyo kwa makusudi walijibu vizuri zaidi dubu alipoivuruga. Sababu ni kwamba mtoto hasikilizi maneno ya swali peke yake. Anamsoma anayeuliza: kwa nini mtu mzima amefanya kitu hiki mbele yangu, na kwa nini anauliza tena?

Hapa kwetu uzito wa jambo hilo ni mkubwa zaidi, na ningependa walimu walitafakari. Mtoto wa Kiswahili amelelewa kujua kwamba mkubwa akiuliza jambo moja mara mbili, jibu la kwanza halikumridhisha. "Umekula?" "Nimekula." "Umekula?" Mtoto anaanza kujitafuta amekosea wapi. Nilimuuliza mtoto huyu kwa nini mara ya kwanza alinijibu glasi ndefu. Alitazama chini. "Uliniuliza tena," alisema, na hakuongeza neno. Adabu yake ndiyo iliyompa jibu, na jibu hilo likapelekwa kuwa ushahidi dhidi ya akili yake.

Sitaki hata hivyo kuonyesha kwamba mtoto huyu anafikiri kama mtu mzima na kwamba shida yote iko kwa wanaomuuliza. Jumamosi moja bibi alikuwa anakanda unga wa chapati. Nilitenga madonge mawili aliyoyakubali mtoto kuwa ni sawa, moja nikalisukuma likawa chapati pana, na nikauliza mara moja tu kama unga ni ule ule. Alisema ni ule ule, "hujaongeza." Nikauliza lipi zito. Bila kusita alionyesha donge: "Hili zito. Chapati nyepesi." Nikamwekea yote mawili mikononi, akayapima kwa muda mrefu, akarudia kwamba donge ni zito. Piaget na msaidizi wake Bärbel Inhelder walieleza jambo hilo hilo mwaka 1941: mtoto hutambua kwanza kwamba wingi wa kitu haubadiliki, na huchukua takriban miaka miwili mingine kuufikia uzito, na miaka mingine zaidi kufikia ujazo. Wazo ni lile lile, lakini kila sehemu ya dunia inalipokea kwa wakati wake. Mtoto wa miaka sita na nusu anayejua la unga na hajui la uzito yuko pale pale anapotarajiwa kuwa.

Lipo jambo jingine nililoliona kibarazani na nikalithibitisha nyumbani, nalo ni ile midomo inayocheza. Anaporudisha chenji hunong'ona. Nilimwomba anihesabie akiwa amefunga mdomo. Alikwama kwenye mia nane, akaanza upya, akakwama tena. Nilipomruhusu kunong'ona alimaliza kwa mkupuo mmoja. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyezaliwa mwaka ule ule na Piaget na kufariki kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na miaka 37, alishikilia kwamba mazungumzo hayo ya mtoto na nafsi yake ndiyo chombo anachofikiria nacho. Mtoto huanza kwa kuongozwa na sauti ya mkubwa, kisha hujiongoza kwa sauti yake mwenyewe, kisha sauti hiyo huingia ndani na kuwa fikra. Nilipomuuliza mtoto kama hunong'ona darasani alisema hapana, "Mwalimu anasema kimya." Katika chumba cha watoto mia moja ninaelewa kwa nini mwalimu anataka ukimya. Lakini mtoto wa umri huu akinyamazishwa wakati wa kuhesabu ni kama ameambiwa ahesabu bila vidole.

Macho na masikio yake yalipimwa katika kituo cha afya, kwa sababu anakaa nyuma darasani, na hayana tatizo.

Nilikwenda shuleni pamoja na mama. Niliweka mbele ya mwalimu ile karatasi ya majibu kumi bila kusema kitu, naye aliitazama kwa muda, akaweka kidole kwenye namba ya pili ya kila swali akishuka chini. Alipofika mwisho alisema taratibu, "Kumbe." Hatukuhitaji maelezo marefu baada ya hapo. Tulikubaliana kwamba kwa wiki chache mtoto arudishiwe vizibo vyake, na kwamba mwalimu, badala ya "kumi toa sita", aseme "zilikuwa kumi, sita zimeondoka, zimebaki ngapi", huku akionyesha alama ya kutoa ubaoni ili maneno hayo mapya yaishikilie alama. Kisha, mtoto akishazoea, neno "toa" lirudishwe, kwa maana ndilo atakalokutana nalo katika mtihani. Aliruhusiwa pia kunong'ona. Siku ya tatu mwalimu alinipigia simu kwamba amepitia madaftari ya wengine na amewakuta watoto sita wanaoandika namba ya pili.

Bibi alikuwa na swali lake. Majirani walikuwa wamemwambia kwamba kibaraza ndicho kinachomharibia mtoto masomo, naye alikuwa tayari kumkataza kabisa. Nilimwambia maoni yangu, na ninayasimamia: mtoto asikae pale usiku, asivuke barabara kupeleka glasi, na siku ya kazi za nyumbani kazi hizo zitangulie, lakini kopo la sarafu lisifungwe. Nilimwambia pia kwamba kibaraza kina mipaka yake. Hakuna mteja anayeagiza kata sifuri, na hakuna anayelipa kwa alama ya kutoa. Mambo hayo mtoto atayapata shuleni au hatayapata kabisa, na ndiyo maana nisingekubali mtu atumie ustadi wake wa chenji kama sababu ya kumwacha bila msaada wa darasani.

Mwalimu mkuu hajalifuta pendekezo la kumrudisha awali. Amesema ataamua mwisho wa muhula, na kwa upande wake ana shinikizo la matokeo ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ambalo mimi, niliyestaafu, sina.

Wiki iliyopita mama aliniletea daftari tena. Maswali kumi ya kutoa, manane sahihi, na hakuna hata moja lililoandikwa namba ya pili kwa mazoea ya zamani. Katika 5 − 0 ameandika 4. Anasema alidhani lazima kitu kiondoke. Katika 7 − 7, ambapo mwezi wa tano aliandika 7, safari hii hakuandika chochote. Ameacha nafasi nyeupe baada ya alama ya sawasawa, na mwalimu ameweka mkasi mwekundu kama ule wa mwanzo. Nilimuuliza mtoto kwa nini ameacha wazi. "Vizibo vimeisha, Babu," alisema. "Hakuna kilichobaki, niandike nini?" Nimemwomba mama asimwonyeshe bado namna ya kuandika sifuri pale. Daftari nimelirudisha na kikaratasi kidogo kwa mwalimu, kumwomba kwamba kabla hajamsahihisha amuulize swali lile lile nililomuuliza mimi, na amsikilize jibu.